Nahamia Kigoma mjini kutoka Njombe mwezi wa kwanza: nyumba, mizigo, malaria, shule

mwl_hesabu

Wakuu, heshima kwenu. Mwajiri amenihamisha kutoka Njombe kwenda Manispaa ya Kigoma-Ujiji, naripoti Januari. Mke wangu ni fundi cherehani. Mtoto wa kwanza anaingia darasa la tano, wa pili ana miaka mitatu. Huko hatuna ndugu wala jamaa.

Naomba mnisaidie haya: tupange upande gani wa mji, mizigo tuibebe yote au tuuze, malaria tujipange vipi maana huku kwetu baridi imetuzoesha kulala bila neti, na mtoto wa darasa la tano asipoteze nafasi ya shule. Chakula nacho, wenyeji wanasema kila kitu ni mawese. Wanaoijua Kigoma vizuri tafadhali.

katubuka_juu

Karibu Kigoma mwalimu. Naanza na nyumba kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapoliwa.

Usitume hela ya kodi ukiwa Njombe, hata dalali akikutumia picha ishirini. Manispaa hii ina miji miwili ndani yake: Kigoma yenyewe, yenye bandari na stesheni, na Ujiji iliyo kusini, kilomita kama 8. Afisa elimu anaweza kukupanga shule ya upande wowote. Ukishalipa miezi sita Gungu, upande wa Kigoma, halafu ukapangiwa Ujiji, kila siku ni nauli ya kwenda na kurudi. Njoo peke yako siku kumi au wiki mbili kabla, fikia gesti pale Mwanga, ripoti, upewe shule, ndipo utafute nyumba. Familia na mizigo vifuate.

Mji umekaa mlimani. Chini kabisa ni bandari na stesheni, unapanda na barabara ya Lumumba mpaka Mwanga kwenye soko na pilika zote. Gungu na Masanga ziko upande wa stendi ya mabasi. Katubuka iko jirani na uwanja wa ndege. Kando ya ziwa, yaani Kibirizi, Katonga na sehemu za chini za Ujiji, angalia sana. Tangu 2020 ziwa limepanda mara zaidi ya moja na kuingia kwenye nyumba za watu. Ukiona ukuta una mstari wa rangi ya udongo usawa wa goti, hiyo si rangi ya fundi.

Maji ya bomba yanasukumwa kutoka ziwani kupanda mlima. Kwa hiyo nyumba ya juu ina upepo na mandhari, lakini maji yanafika kwa zamu na presha ndogo. Muulize mpangaji wa jirani, usimuulize mwenye nyumba: maji yanatoka siku zipi na saa ngapi? Kama yanatoka usiku tu, unahitaji simtanki. Piga hesabu ya lita 40 kwa mtu kwa siku, mkiwa wanne ni lita 160, kwa hiyo tanki la lita 1,000 linakupa siku sita. Likijaa lina uzito wa tani moja, usilipandishe kwenye jukwaa la mbao nyembamba. Kitako chake kilale sawasawa kwenye zege, maana tanki la plastiki likining'inia upande mmoja hupasuka chini, si juu.

Umeme: kabla hujasaini mkataba, nunua LUKU kidogo kwa namba ya mita ile ile utakayotumia. Kodi ya jengo inakatwa humo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ikikaa tupu miezi minane, anayenunua umeme wa kwanza anakutana na deni la 12,000. Ukiliona hapo, mwenye nyumba alilipe. Na mita moja ikiwa ya wapangaji wengi, uliza kabisa mnagawana vipi, kwa sababu mke ana cherehani na pasi na wenzake watamnyooshea kidole.

La mwisho, nenda ukaione nyumba saa nane mchana. Nyumba isiyo na dari, bati liko chini, madirisha upande mmoja: kwa mtu wa Njombe hiyo ni tanuri. Ziwa liko mita 770 na ushee kutoka usawa wa bahari, ninyi mnatoka karibu 1,900 huko.

Samani uza. Makabati yenu ya Njombe ni paini, na mchwa wa Kigoma ataila paini msimu mmoja. Huku mninga unapatikana, fundi seremala atakutengenezea kitanda ambacho utamwachia mjukuu.

mzigo_salama

Nakubaliana na katubuka_juu kwenye paini, kwingine sikubali. Kuuza kila kitu halafu kununua upya ni hasara mara mbili. Beba vitu vyenye thamani kubwa na ujazo mdogo: magodoro, friji, cherehani, vyombo, TV, vitabu. Acha sofa, kabati na meza.

Njia. Ramani itakuonyesha Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, kisha Kigoma. Ni fupi, lakini Mpanda–Uvinza kuna kipande kirefu cha udongo, na Januari ni katikati ya masika. Fuso ikizama pale, mizigo inalala njiani inanyeshewa. Mwambie dereva apitie Iringa, Dodoma, Singida, Tabora. Ni mzunguko, ila lami ni nyingi zaidi. Bei nzuri utaipata kwa gari linalokwenda Kigoma kupakia mazao, mawese au dagaa, kwa sababu linakwenda na nafasi. Gari la kukodi peke yako utalipia mpaka safari yake ya kurudi tupu.

Kama mizigo itapita Dar iende kwa treni, andika jina na simu pande mbili za kila furushi kwa peni ya wino usiofutika. Karatasi ya kubandika hubanduka. Na masika yakichachamaa, reli ya kati husumbuliwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe, hivyo usiweke humo kitu utakachokihitaji wiki ya kwanza.

Friji isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha papo hapo kompresa inazunguka kavu inakufa. Ikisafiri wima, ipe saa nne hadi sita kabla ya kuwasha. Ikilazwa, ipe saa 24. Weka na kifaa cha kulinda friji, umeme ukirudi baada ya kukatika huja na msukumo.

Cherehani ya miguu: usiifunge ikiwa imesimama na kichwa chake. Vua mkanda wa ngozi, inua kichwa kilale nyuma, utaona bawaba mbili na kila moja ina skrubu ndogo chini yake. Legeza hizo skrubu mbili, kichwa kinachomoka. Toa sindano, bobini na boksi lake, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mguu wa kukandamizia na uushushe. Kichwa kifungwe kwenye blanketi ndani ya boksi la mbao, meza na miguu vifungwe peke yake. Cherehani nyingi zinazofika zimevunjika huvunjika kwenye bawaba, kwa sababu kichwa kilirukaruka njia nzima kikiwa mezani.

Magodoro ndani ya nailoni, si kwa ajili ya mvua tu. Vumbi jekundu likiingia kwenye godoro halitoki. Na gunia moja la viazi vya Njombe litawapatia marafiki wa haraka kuliko salamu yoyote.

nesi_zamu_ya_usiku

Mwalimu, hili la malaria lichukulie kwa uzito kuliko samani. Kigoma na jirani yake Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Wenyeji waliokulia hapa wamejenga kinga kiasi fulani, ninyi wa nyanda za baridi hamna. Mtu mzima wa Njombe anaweza kuugua kwa nguvu kama mtoto mdogo.

Neti ziwepo usiku wa kwanza. Msisubiri mizigo, zibebeni kwenye begi la mkononi, pamoja na kamba na misumari. Iwe neti yenye dawa, ifike chini ya godoro na kuchomekwa pande zote. Neti mpya ianikwe kivulini saa 24 kabla ya kuitumia. Mkiifua, tumieni sabuni ya kawaida na maji ya baridi, na muianike kivulini, jua kali linaua dawa. Msiifue kila wiki.

Malaria haiji siku ya kung'atwa. Inachukua siku saba au zaidi, mara nyingi siku kumi hadi kumi na nne, kwa hiyo homa ya wiki ya pili baada ya kufika msiiite uchovu wa safari. Homa yoyote, pima ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka kinapatikana zahanati, tone moja la damu na majibu kama dakika 20. Kunywa dawa bila kupima kuna hasara mbili: unaweza kuwa na taifodi au mafua ukajitibu malaria, na hospitali nao wakashindwa kujua ulianza na nini.

Kipimo kikionyesha malaria isiyo kali, dawa ni dawa mseto (ALu). Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vidonge 4 mara sita, jumla 24. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo kama 14 anameza kimoja mara sita. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza, hapo ndipo watu wengi wanakosea. Kuanzia ya tatu ni asubuhi na jioni. Imezwe baada ya chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa, bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi ile. Hali ikipoa siku ya pili, maliza vidonge vyote.

Mtoto akipata degedege, akilegea, akitapika kila kitu au akikataa kula na kunyonya, hiyo si ya vidonge. Mkimbize kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Maweni kwa sindano.

Ziwa. Maji ni meupe yanavutia, watoto watataka kuogelea siku ya kwanza. Kwenye fukwe zenye majani na konokono, hasa karibu na makazi, kuna kichocho. Jambo la pili, Tanganyika ina kina cha mita zaidi ya 1,400, na sehemu nyingi ufuko haushuki taratibu: unakanyaga mchanga hatua chache, ya inayofuata hakuna chini. Maji ya kunywa chemsheni mpaka yatokote, hata yakiwa ya bomba. Masika kipindupindu kikitokea huwa kinaanzia kwenye maji ya ziwani yanayochotwa na ndoo.

mama_mgebuka

Chakula msiogope. Mnakuja kwenye samaki bora nchini (wa Mwanza wanune).

Dagaa na migebuka vinavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Siku hizo samaki wabichi wanakuwa haba na bei inapanda. Kwa hiyo angalia mwezi: ukikaribia kujaa, nunua dagaa wakavu wa wiki nzima. Vilevile serikali inaweza kufunga uvuvi ili samaki wazaliane, kama 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi hicho ni maharage, na maharage ya Kigoma ni mazuri, hamtalia.

Dagaa mkavu mzuri anang'aa kama fedha, kichwa kiko mahali pake, ukimkunja anavunjika. Akiwa wa kahawia na ana harufu ya mafuta yaliyochacha, alikutana na mvua akiwa nusu mkavu. Muulize muuzaji kama ameanikwa kwenye chanja au mchangani. Wa mchangani ni nafuu, ila utamwosha mara nne na bado meno yatasaga.

Mawese: chota kijiko kimoja, weka kwenye sufuria yenye moto. Yakitulia na kuanza kunukia, ni mazuri. Yakipigapiga kelele na kurukia ukuta, yana maji, na hayatakaa wiki mbili bila kuchacha. Asubuhi ya ubaridi utayakuta yameganda chini na juu mepesi. Hayajachakachuliwa, ndivyo yalivyo, koroga tu. Kwa mgebuka mmoja wa kukaushwa kwa moshi: ulowanishe kwenye maji ya moto dakika 10, toa miiba mikubwa. Pasha vijiko vitatu vya mawese mpaka yanukie, usisubiri yatoe moshi maana yatakuwa machungu. Weka kitunguu, nyanya mbili, chumvi kidogo sana kwa sababu samaki anayo, kisha samaki na kikombe cha maji, dakika 15 moto mdogo. Mawese yakidondokea nguo, sabuni peke yake haitoi. Fua uanike juani, rudia, jua ndilo linalofuta ile njano.

Ugali wa muhogo, anza kwa kuchanganya kikombe kimoja cha muhogo na viwili vya mahindi. Muhogo mtupu unavutika, na mgeni anayeukoroga taratibu kama sembe anapata gundi. Unga wote unaingia mara moja maji yakichemka, kisha mwiko mbio.

mtendaji_mstaafu

Mwalimu, salaam. Naona makaratasi yamesahaulika.

Uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipwi. Wa mwajiri unalipwa: nauli, mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Ili mke na watoto wahesabiwe, ambatisha cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Dai likiwa na kasoro litarudishwa, na kulifuatilia ukiwa Kigoma ni kazi nyingine. Hakikisha umeliwasilisha na nakala ina muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka Njombe. Ondoka pia na hati ya mshahara wa mwisho, ile wanaiita LPC, na uthibitishe kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, kwamba kituo chako kimebadilika. Mtu akiripoti Kigoma huku mfumo unamsoma Njombe, anaonekana mtoro kule na mgeni huku.

Mtoto wa shule: kumtoa daftarini hakutoshi. Taarifa zake ziko kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na lazima zihamishwe humo kwa walimu wakuu wa shule zote mbili. Zisipohamishwa atasoma tu, lakini siku ya kusajili mtihani jina halipo. Januari, baada ya mtihani wa darasa la nne, ni wakati mzuri kwake. Angekuwa ameshasajiliwa mtihani wa taifa mwaka huo, ningekushauri amalize kwanza.

Sasa kitu ambacho Njombe hamna. Kigoma ni mkoa wa mpakani, Burundi iko jirani na Kongo ng'ambo ya ziwa, na kwa miaka mingi kumekuwa na kambi za wakimbizi Kasulu na Kibondo. Barabara za kwenda huko zina vizuizi na maofisa wa Uhamiaji hupanda basi kukagua. Tembea na kitambulisho cha NIDA na cha kazi, mke na chake. Watoto, nakala za vyeti vya kuzaliwa. Aliye na namba ya NIDA tu, achukue barua ya serikali ya mtaa yenye picha iliyogongwa muhuri juu yake. Usibishane wala kufanya mzaha kuhusu uraia kwenye kizuizi, ofisa hacheki.

Wiki ya kwanza, nendeni nyote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa mkajiandikishe. Barua yake utaihitaji benki na kwenye leseni ya mama. TIN yake ni ile ile, abadilishe anwani ya biashara TRA ili makadirio yafanyike huku, vinginevyo Njombe wataendelea kumdai.

Jambo dogo linalowachanganya wageni: jua. Huku linachomoza na kuzama kama dakika 20 nyuma ya Njombe, na karibu dakika 40 nyuma ya Dar. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, na mtoto anayetembea kwenda shule mapema apewe mwenzake. Waislamu msitumie ratiba ya futari ya Dar, mtafungua jua likiwa bado linaonekana.

mwl_hesabu

Wazee wangu, shikamooni, na asanteni sana. Nimeshawasiliana na mwalimu mkuu wa hapa kuhusu PREM. Mawili yamebaki. Mke anauliza kama ushonaji una soko na vifaa, na tuyafanyeje mablanketi na masweta, tunayo tele.

mama_mgebuka

Mwambie aje bila hofu, watu wa huku wanapenda vitenge, na vya kutoka Kongo viko sokoni. Aje na mishono ya vitenge kichwani zaidi ya suti za kitambaa kizito. Nyuzi na zipu zipo Mwanga. Sindano za ukubwa wake, mikanda ya akiba na mafuta ya cherehani abebe vya kuanzia. Aipake mashine mafuta mara nyingi kuliko alivyozoea, unyevu wa ziwa unaleta kutu haraka kwenye boksi la bobini.

katubuka_juu

Mablanketi mazito gawa huko huko. Bakini na shuka, blanketi moja jepesi kila kitanda kwa usiku wa Juni na Julai, na sweta moja moja. Hayo masweta mtayatumia mkipanda Kasulu au Buhigwe, asubuhi kule kuna baridi kweli.